Anakupenda au anakutega? Majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii zimekuja na visa tofauti, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: mtu atajuaje kama anapendwa au ananaswa? Kigezo changu ni kimoja. Tazama kinachotokea ukisema "hapana". Anayekupenda anaweza kuumia, hata akanuna, lakini hapana yako inabaki hapana. Anayekutega ataigeuza iwe kosa lako.

Mpenzi wangu hupotea siku tatu nne, simu hapokei. Nikishakata tamaa anarudi na maneno matamu na zawadi, nami nasahau yote. Shangazi anasema nimelishwa limbwata. Inawezekana? (Dada wa Tanga)

Dada yangu, shangazi ameziona dalili sawasawa, ila dawa yenyewe haikuwekwa kwenye chakula. Mwaka 1957 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Ferster na Skinner, walichapisha matokeo ya majaribio yao ya miaka kadhaa, mengi yakiwa ya njiwa. Njiwa aliyezoea kupata punje kila akidonoa, punje zikikatwa aliacha mapema. Aliyekuwa akipata mara moja moja, bila kujua lini, aliendelea kudonoa muda mrefu hata baada ya punje kwisha. Mashine za kamari humshika mchezaji kwa njia hiyo hiyo.

Binadamu hatupendi kufananishwa na njiwa, lakini soma na hili. Mwaka 1981 Donald Dutton na Susan Painter, wakiwa Kanada, walieleza kwa nini wanawake wengine hushikamana na wanaume wanaowatesa. Walitaja mambo mawili: mmoja ana nguvu juu ya mwenzake, na mateso yanapishana na wema. Wema peke yake usingefunga hivyo, wala mateso peke yake. Kinachofunga ni kupishana kwake.

Kwa hiyo ile furaha inayokujaa siku anayobisha hodi, sehemu kubwa ni nafuu ya maumivu aliyokusababishia yeye mwenyewe. Usimpime kwa siku hiyo. Chukua kalenda, mwezi mzima, weka alama kila siku uliyolala na amani na kila siku uliyolala ukiitazama simu, kisha mwonyeshe shangazi. Na tafadhali, usimpelekee mganga hela ya kukufungua. Kinachokufungua ni kuacha kusubiri, na wiki za mwanzo zitauma kweli, kwa hiyo usizipitie peke yako.

Nimetoka Nakuru, nafanya kazi Mombasa. Kuna dada wa Mji wa Kale nampenda. Jioni anavaa kikuba cha asumini, nguo zake zinanukia udi, na juzi leso (kanga) yake iliandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Wenzangu wanasema wanawake wa pwani wamejaa mitego. Niogope? (Kaka wa Mombasa)

Kaka, wenzako wanakosea, tena wanamvunjia heshima. Asumini na udi ni malezi. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858, alimwusia kutunza mwili, kufunga nywele na kutunga asumini, pamoja na ibada na adabu zote nyingine. Mwanamke anafukiza nguo zake kwa sababu anakwenda arusini, au kwa sababu ni Alhamisi, au kwa sababu anapenda tu kunukia vizuri. Wewe umepita hapo ukanusa.

Leso ndiyo yenye utamu zaidi. Duka la leso la Kaderdina limekuwapo hapo Mombasa tangu 1887, na kwa vizazi wanawake wamechagua leso kwa jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa, kabla ya rangi. Jina linasema na halisemi. Huenda linakuhusu wewe, huenda linamhusu jirani, huenda leso ni ya mama yake. Aliyeivaa hajajifunga kwa lolote, nawe uliyeisoma hulazimiki kujibu. Kutongozana kwa heshima kote duniani kunahitaji nafasi ya namna hiyo, ambapo kila mmoja anaweza kurudi nyuma bila kuaibika. Mtego hufanya kinyume: hukufungia njia ya kurudi, kwa deni, kwa siri, au kwa hofu ya kusemwa.

Basi msalimie vizuri, ongea naye akikubali kuongea, na ukiona nia yako ni ya kweli tafuta mtu mzima anayeheshimika aende nyumbani kwao.

Siku kumi tu tangu tukutane, ananiita mke wake, ananipigia kila saa, anataka tuhamie pamoja mwezi huu. Kuna ubaya? (Binti wa Morogoro)

Mdogo wangu, kasi peke yake si ubaya. Mwambie Jumamosi hii huwezi kuonana naye kwa sababu unakwenda kwa dada yako. Akikutakia safari njema, endelea kumjua polepole. Akilia, akikasirika, au akitokea kwa dada yako bila kualikwa, umeshapata jibu.

Kuna video zinafundisha vijana kumkosoa msichana kidogo ili ajione duni, kisha kumsifu, na kumpeleka sehemu za kusisimua ili apende haraka. Zinafanya kazi? (Kijana wa Dodoma)

Hilo la msisimko lina ukweli ndani yake. Mwaka 1974 Dutton huyo huyo na mwenzake Arthur Aron walifanya jaribio kwenye daraja la kamba la Capilano, karibu na Vancouver, linaloning'inia mita 70 juu ya mto. Mwanamke aliwahoji wanaume waliokuwa wakivuka, kisha akawapa namba yake ya simu. Kati ya 18 waliopokea namba, 9 walimpigia. Kwenye daraja imara lililo chini zaidi, kati ya 16 walipiga 2 tu. Moyo ulidunda kwa woga, na wenyewe, inaelekea, wakaona unadunda kwa ajili ya yule mwanamke.

Lakini angalia ulichopata hapo: simu moja. Ukienda naye mkacheka na kuogopa pamoja, hakuna aliyedhulumiwa. Kumdunisha ili atafute sifa zako ni jambo jingine kabisa, na nalichukia. Unamjeruhi mtu ili uwe wewe mwenye bandeji. Akikukubali, amekubali nafuu, na utalazimika kumjeruhi tena kesho ili abaki. Hutapata mpenzi hapo, utapata mtu anayekuogopa.

Nilisoma kwa macho yangu ujumbe wa mwanamke mwingine kwenye simu ya mume wangu. Anasema niliota. Amewaambia wakwe kwamba akili yangu haiko sawa, na sasa hata mimi najitilia shaka. (Mama wa Kisumu)

Mama, ukweli wa ule ujumbe hauhitaji ruhusa yake. Mume anaweza kukana jambo kwa aibu, hilo ni uongo wa kawaida. Anapokwenda kwa wakwe kukutangazia ugonjwa, anakuondolea watu ambao wangekuamini. Kwa hiyo anza kwa watu. Mwambie mmoja unayemwamini, dada au rafiki wa zamani, umweleze siku na saa. Andika mambo yanapotokea, kwenye daftari lisilokaa nyumbani.

Sheria imeanza kuyaona haya. England na Wales, tangu 2015, zinamfunga hadi miaka 5 mtu anayemtawala mwenzi wake kwa vitisho na ghiliba za kila siku. Kwenu Kenya, Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya 2015 inataja wazi ukatili wa kihisia na kisaikolojia, na mahakama inaweza kukupa amri ya ulinzi. Ukihisi hatari, piga 1195, ni bure.

Mchumba alianza kuniomba vocha, kisha nauli, kisha nikakopa benki kwa jina langu tuanze ujenzi. Sasa ameoa mwingine. Nilikuwa mjinga? (Dada wa Mwanza)

Hapana. Mwaka 1966, huko California, Freedman na Fraser waliwaomba watu waweke bango kubwa baya la usalama barabarani mbele ya nyumba zao. Walioombwa moja kwa moja, chini ya mmoja kati ya watano alikubali. Waliokwishaweka kibandiko kidogo cha aina hiyo siku za nyuma, zaidi ya saba kati ya kumi walikubali. Vocha ndiyo kilikuwa kibandiko chako.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania, kifungu cha 69, inakuruhusu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, ingawa haitazidi hasara uliyoipata kweli. Kifungu cha 71 kinahusu zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa. Tunza meseji zote za miamala, usifute hata moja, na umwone mwanasheria au msaidizi wa kisheria bila kukawia. Mkopo, hata hivyo, ni deni lako mbele ya benki hata kama pesa alizitumia yeye. Nenda ukaonane nao wiki hii, uombe kupangiwa upya marejesho kabla riba haijakulemea.