Mbwa "wa kikombe": chunguza kabla hujalipa

Ndugu, umeuliza kama umchukue mtoto wa mbwa aina ya Chihuahua wa wiki 6, ambaye muuzaji anamwita "wa kikombe", yaani mdogo sana, na kusema akikua hatazidi kilo 1, kisha umzalishe. Usimchukue bado, na kumzalisha sahau kabisa.

"Mbwa wa kikombe" si aina ya mbwa, ni jina la kuuzia tu. Chihuahua wa kawaida aliyekomaa ana kilo 1.5 hadi 3. Wa chini ya hapo mara nyingi ni dhaifu, au muuzaji amemwongezea umri ili aonekane mdogo kuliko wenzake wa umri huo. Mwangalie meno: ya utotoni huanza kuchomoza wiki ya 3 hivi na hukamilika karibu wiki ya 8. Mpapase utosi taratibu kwa kidole. Utosi ukibonyea, daktari wa mifugo amchunguze kama ana maji kichwani. Apimwe pia magoti, moyo na ini.

Hatari ya haraka ni sukari kushuka. Akikosa mlo saa chache tu anaweza kuanza kuyumba, kutetemeka, halafu degedege. Mlishe kila baada ya saa 3 hadi 4. Akilegea, mpake asali kidogo kwenye fizi, usimmiminie mdomoni maana atapaliwa, kisha mkimbize kwa daktari. Wadogo hivi wakae na mama yao hadi wiki 12.

Kuhusu kuzalisha: nyonga ya jike mdogo hivyo ni nyembamba, kichwa cha mtoto huweza kukwama, na bila upasuaji wa haraka wanaweza kufa wote. Mwonee huruma.

Muuzaji akikataa kukuonyesha mama wa mtoto huyo, ondoka.