Kona za kupanda Sipi: tukijifunza kulaza piki, tunavunja sheria?

SWALI: Habari mzee. Mimi kijana wa Mbale, naendesha boda hapa mjini mwaka wa nne sasa. Jumapili asubuhi mimi na wenzangu watano huwa tunatoka saa kumi na mbili na nusu, tunapitia Sironko mpaka zile kona za kupanda Sipi, tunazipanda na kuzishuka hata mara nane, tunajifunza kulaza piki na kula kona bila kuogopa. Abiria hatubebi, pombe hatunywi, helmeti tunavaa. Mmoja anabaki kwenye kona na simu anarekodi halafu tukirudi tunaangalia nani amelala vizuri. Juzi afande wa trafiki akatusimamisha, akasema akitukuta tena anatupeleka kotini kwa kuendesha kwa hatari. Mi naona alikuwa anatutisha tu manake hatujagonga mtu na yeye hakuwa hata na ile mashine ya kupima spidi. Je mazoezi barabarani ni kosa? Na kama hakuna aliyeumia watatushtaki na nini?
Boda wa Mbale

JIBU: Mwanangu, afande hakukutisha, alikuonea huruma. Angeweza kuwaandikia siku hiyohiyo.

Tuanze na hapo unapokosea, manake vijana wengi wanafikiri kama wewe, kwamba kosa linaanza pale mtu anapolala chini na damu inatoka. Sivyo. Sheria yetu ya trafiki hapa Uganda, ya 1998, iliyofanyiwa marekebisho 2020, ina makosa ya aina mbalimbali hapo. Kuna kuendesha ovyo bila kujali wengine, kuna kuendesha kwa hatari, na kuna kuumiza au kuua mtu kwa kuendesha kwa hatari. Hayo mawili ya kwanza hayahitaji majeruhi hata mmoja. Na ile mashine ya spidi haihitajiki pia, manake unaweza kuwa kwenye spidi 50 tu na bado ukawa unaendesha kwa hatari kwa namna unavyoendesha mahali hapo. Koti inaangalia barabara yenyewe ilivyo, hali yake siku hiyo, inavyotumika, watu na magari waliokuwepo, na pia wale ambao mtu mwenye akili angetegemea kuwakuta. Soma hiyo ya mwisho mara mbili.

Sasa niambie Jumapili saa moja asubuhi kwenye barabara ya Kapchorwa, hiyohiyo inayopita Sipi, mtu anategemea kumkuta nani? Wewe ni mtoto wa huko, unajua vizuri kuliko mimi. Ile ndio barabara ya wakimbiaji. Sebei, eneo hilohilo la Kapchorwa, ndiko alikotoka Joshua Cheptegei, dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 Tokyo na ya mita 10,000 Paris 2024, na ukizunguka ng'ambo ya Bukwo unamkuta Jacob Kiplimo, na nyuma yao wako vijana kwa mamia wanaamka gizani kukimbia pembeni ya lami wakiota kuwa kama hao. Wanakimbia wawiliwawili, watatu, wengine wanakuja upande wako wengine upande wa pili. Ongeza kina mama wanaoenda kanisani na watoto wa kuteka maji. Kwa hiyo ukisimama mbele ya hakimu useme barabara ilikuwa tupu, mheshimiwa, hapo umejimaliza mwenyewe, manake huyo hakimu naye anajua Kapchorwa iko wapi.

Kupita kona moja mara nane si kosa. Mtu akitaka apande Sipi na kushuka mchana kutwa, kwa mwendo wa barabara, upande wake, macho mbele, hakuna wa kumshika. Kosa linaingia mnapoanza kuangaliana nani amelala zaidi, nani amefika juu kwanza, mnapokata mstari wa katikati ili kona ifunguke, mnapopitana kwenye kona msiyoona mwisho wake. Hapo neno mazoezi halisaidii kitu. Hata linaharibu, manake linaonyesha mlifanya kwa kukusudia, si kwamba mliteleza.

Na sasa nikuonyeshe kitu ambacho hata waendeshaji wa miaka kumi hawajakiona. Sisi tunaendesha kushoto, sawa? Chukua kona inayokata kulia. Wewe unajiona uko upande wako, matairi yote mawili yako ndani ya mstari, labda nusu mita kutoka katikati. Lakini piki umeilaza kulia, na kichwa chako na bega lako havipo juu ya matairi tena, vimeshavuka mstari viko upande wa lori linaloshuka. Dereva wa lori hana kosa, yuko upande wake. Kwenye zile video zenu angalieni hilo kabla ya kuangalia nani amelala vizuri, simamisha picha pale katikati ya kona, weka kidole kwenye ule mstari mweupe, halafu tafuta kichwa chako kiko upande gani. Nakuomba ufanye hivyo leo.

Kushoto nako kuna shida yake. Kona ya kushoto unalaza kuelekea pembeni, na pembeni ndiko watu waliko, ndiko mvua inaposhusha changarawe na mchanga kutoka njia za vijijini, ndiko mtu ameanika mahindi juu ya lami manake lami inakausha haraka. Mimi mwenyewe mahindi ndiyo yaliniangusha, miaka ya nyuma kwenye barabara ya Fort Portal kwenda Bundibugyo, kule kwenye kona za kushuka kuelekea bonde la Semuliki. Niliyaona nikiwa nimeshalaza. Nikashika breki ya mbele, na hapo tairi la mbele likaondoka kama sabuni, mimi na piki tukateleza mpaka kwenye mtaro, na yule mama mwenye mahindi alikuwa ameinama anayageuza kwa mkono kama hatua mbili tu kutoka nilipopita. Hatua mbili. Akanisaidia kuinuka, akanipa maji, akaanza kuokota punje zake moja moja na mimi sikuweza kuongea. Goti lilipona kwa mwezi mmoja lakini ile picha ya mgongo wake ameinama bado ninayo, na ndiyo sababu nakuandikia kwa urefu hivi.

Ile hatari inatoka kwenye hesabu ndogo tu. Ukiwa spidi 50 unakula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja inaisha kabla mkono haujashika breki, halafu kusimama kwenyewe kwenye lami kavu na breki nzima ni kama mita 14 zingine, jumla 28. Ukiwa spidi 80 inakaribia mita 60. Na hiyo ni piki iliyosimama wima! Tairi ina nguvu yake moja tu ya kushika lami, na ukiwa umelaza sehemu kubwa inatumika kugeuka, inayobaki kwa breki ni kidogo, na hizi piki zetu za boda nyingi zina breki za ngoma. Sasa nenda kwenye zile kona zenu upime kwa hatua, ukiwa ndani ya kona unaona mbele mita ngapi? Kama unaona mita 25 na spidi yako inataka 60, basi hizo 35 za katikati unamwachia mtu mwingine akulipie.

Kujifunza kona nakuunga mkono kabisa, usinielewe vibaya. Kila mwaka watu maelfu wanakufa kwenye barabara zetu, ripoti ya polisi ya 2024 ilihesabu 5,144, na wa pikipiki ni wengi mno humo ndani. Boda anayejua kula kona ni salama kuliko asiyejua. Lakini mambo ya msingi ya kona hayahitaji mlima. Tafuta uwanja, wa shule au wa kanisa, omba ruhusa kwa mwenyewe, panga chupa za maji tupu uzungushe namba nane kwa spidi 20 au 25. Punguza mwendo kabla ya kuingia, si ndani. Geuza kichwa uangalie unakotaka kutokea, usiangalie tairi wala shimo. Ukitaka kwenda kushoto sukuma mbele hendeli ya kushoto, taratibu, utashangaa piki inavyolala yenyewe. Mafuta fungua kidogokidogo ukishaona mwisho wa kona. Na lile gadi la chuma mlilofunga ubavuni kulinda injini, jueni kwamba ukilaza sana ndilo linalogusa chini kwanza, linaichokonoa piki juu, tairi la nyuma linaachia lami na hapo hakuna ufundi unaokuokoa. Wanaotaka spidi ya kweli wana mahali pao, mbio zinazosimamiwa na FMU, shirikisho la mbio za magari na piki, zinafanyika Busiika na Garuga, huko kuna ambulensi na watu wa bendera, na hakuna mtoto anayevuka na jerikeni.

Halafu hizo video. Futeni mawazo kwamba ni za kwenu. Sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2011 inaruhusu kitu cha kwenye simu kuwa ushahidi kotini, na mkishaweka TikTok namba ya piki inaonekana, sauti zinasikika mkishangilia, nyinyi wenyewe mmeshamfanyia afande kazi yake yote. Kuna wanaokunja namba plate ili isionekane, hilo nalo ni kosa jingine juu ya kosa.

Ukikutwa, ukipewa ile tikiti ya faini ya papo hapo una siku 28 za kulipa, unalipa benki au kwa simu kwa namba iliyo kwenye tikiti, usimpe mtu noti mkononi. Zile faini za kamera zilizoanza Juni 2025 kabla ya kusimamishwa watu walipolia zilikuwa shilingi 200,000 ukizidisha spidi iliyoruhusiwa kwa mpaka kilomita 30 kwa saa, na 600,000 ukipita hapo, sasa linganisha na unachopata kwa wiki. Lakini kuendesha kwa hatari kunaweza kukupeleka kotini moja kwa moja, na huko wanaweza kukunyang'anya permiti, na piki inakaa polisi inasubiri kukaguliwa huku mkopo wake unaendelea kuhesabu kila wiki. Nimewaona vijana wamepoteza piki waliyobakiza miezi miwili kuimaliza kulipa.

SWALI: Mimi nina permiti ya gari ya class B, inatosha kwa piki?
Msomaji wa Tororo

JIBU: Haitoshi, piki ni class A. Ukiendesha na B ni sawa na huna permiti, na ukigonga mtu hata insurensi inaweza kukuruka.

SWALI: Ndugu mwandishi, nauza nyanya kwenye kona huku Sironko. Mwezi uliopita kijana wa piki alishuka kwa kasi akashindwa kona, akamgonga mjukuu wangu wa miaka tisa, mguu ukavunjika. Wazee wake wamekuja na 300,000 wanasema tuyamalize nyumbani, tusiende polisi kumharibia kijana maisha. Nifanyeje?
Jajja wa Sironko

JIBU: Pole sana jajja, na mjukuu apone haraka. Hizo 300,000 usizisainie kitu chochote kwanza. Mguu wa mtoto wa miaka tisa bado unakua, na daktari akisema baadaye kwamba haukuunga vizuri hizo pesa zitakuwa zimeisha zamani. Nenda polisi kesho, hata kama mwezi umepita, uripoti, manake bila ripoti ya polisi hakuna insurensi itakayokusikiliza. Yule kijana kisheria alitakiwa kusimama, kusaidia na kuripoti mwenyewe. Piki yake inatakiwa kuwa na insurensi ya third party, hiyo ipo kwa ajili ya watu kama mjukuu wako, si kwa ajili ya piki yake, ingawa wanachotoa ni kidogo na hakitamaliza gharama zote. Kinachobaki unaweza kumdai yeye mwenyewe kotini. Wazee wakitaka kusaidia hospitali wasaidie, pokea, waandikishe kwamba ni msaada wa matibabu na si kumaliza kesi, na mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1, awepo. Ujue pia kwamba mkipatana nyie wawili kosa la barabarani bado liko kwa serikali, halifutwi na bahasha.

Weka risiti zote za hospitali na picha ya eksirei pamoja. Na umtafute kijana yeyote mwenye simu apige picha ile kona, asimame pale alipotokea mwenye piki na aonyeshe kibanda chako kinaonekana kuanzia wapi, kabla majani ya mvua hii hayajakua yakabadilisha pale mahali.