Kuzitofautisha namba za pool kwenye TV

Ndugu, umeuliza mbona mipira namba 4 na 2 unaichanganya ukicheki pool kwenye TV. Hata mie ilinisumbua sana, maana 4 ya kawaida ni zambarau na kwa mbali inafanana na 2 ya bluu, halafu 7 ni damu ya mzee inajificha na 3 nyekundu. Ndo maana mashindano mengi ya TV wanatumia seti ambayo 4 ni pinki na 7 kahawia ya kupauka, angalia hizo kwanza. Mipira yenye mstari we toa 8 tu kwenye namba yake upate rangi, yaani 10 ni bluu kama 2. Kwenye mchezo wa mipira 9 mwenye mstari ni 9 peke yake, njano na nyeupe, usimchanganye na 1 ambayo ni njano tupu.