Mashine ya kuuzia vinywaji: mahali kwanza

Ndugu, umeuliza ununue mashine tatu za vinywaji kwa mpigo au uanze na moja. Anza na moja, hata iliyotumika, ila iwashwe mbele yako: weka sarafu, weka noti iliyokunjamana, uone kama inaitema. Kabla hujalipa, pata mahali. Mimi ningekimbilia kiwanda chenye zamu ya usiku, maduka yakiwa yamefungwa. Simama pale saa nzima uhesabu wanaopita. Makubaliano na mwenye jengo yaandikwe, pamoja na nani analipa umeme. Kinywaji kinachokaa wiki mbili bila kuguswa, kitoe, hata kama wewe unakipenda (hapo wengi hushindwa). Halafu bandika namba yako ya simu kwenye kioo, maana mashine itameza hela ya mtu tu.