Miandiko miwili, babu mmoja

SWALI: Jambo sana Mwalimu. Nimesikia redioni kwamba kuna wataalamu wanaochunguza barua za Kigiriki za zamani, zilizoandikwa juu ya mafunjo kule Misri, na kwa mwandiko tu wanatambua nani aliandika. Wanafanyaje? Nina barua ambazo marehemu babu alituma kijijini alipokuwa akifanya kazi mgodini Kipushi. Zina miandiko miwili, na baba mdogo anasema zile za mwandiko wa pili si zake. – Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, mwambie baba mdogo asitupe hata moja. Nilifundisha Kigiriki na Kilatini hapa mjini miaka mingi, na hili ndilo wanafunzi walichelewa kulikubali: mwandiko unakuonyesha aliyeshika kalamu, haukuonyeshi aliyesema maneno.

Misri ya wakati wa Warumi, mara nyingi mwenye barua alisema na mwingine akaandika. Fungua Waraka kwa Warumi, 16:22: Tertio anajitaja kuwa ndiye aliyeuandika, na bado ni waraka wa Paulo. Kwa hiyo mtaalamu anakimbilia chini ya ukurasa. Barua nzima imekwenda kwa mkono mwepesi, herufi zimeshikana, mistari imenyooka. Kufika kwenye salamu ya kuagana, ile ya kumtakia mtu afya, herufi zinakuwa kubwa, zimeachana, mstari unapanda na kushuka. Hapo mwenye barua amepokea kalamu. Kwangu hakuna sehemu ya mafunjo inayogusa moyo kama hiyo.

Chukua mama mmoja wa Misri hiyo, Eudaimonis: alikuwa na mwana, Apollonios, mkuu wa wilaya wakati wa uasi wa Wayahudi dhidi ya Warumi wa miaka ya 115 hadi 117. Barua za mama huyu zilizobaki hazina mwandiko mmoja, ila mwenye kusema ni yuleyule. Katika moja anatamka kwamba hatashughulika na mungu mpaka mwanawe arudi salama. Karani hatungi maneno ya namna hiyo. Nawe tafuta kwa babu: anasalimia nani kwanza, anaagana vipi, madeni gani anayakumbusha.

Sahihi peke yake isikutoshe. Kule Fayum, Misri, karibu mwaka 184, Petaus alikuwa mwandishi wa kijiji, na kuandika kulimshinda. Karatasi yake ya mazoezi ipo: jina, cheo na "nimewasilisha", mstari baada ya mstari. Katikati aliruka herufi ya kwanza ya neno la mwisho, akaendelea kunakili kosa lake hadi chini bila kuliona. Na huyohuyo alipoulizwa kuhusu mwandishi mwenzake, Ischyrion, aliyeshtakiwa kwamba hajui kusoma, alimtetea: si anatia sahihi!

Ukizipiga picha, piga pande zote mbili, na bahasha pia, maana anwani mara nyingine ina mwandiko wake tofauti. Usizifunge kwenye plastiki ya moto kama kitambulisho. Karatasi ya zamani haitoki humo tena.