Mwanangu, kuhusu ile chati ya nyota

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini chati ya kazi za nyumbani uliyowabandikia watoto ukutani, ya kupata stika ya nyota kila kazi ikiisha, iliwachangamsha wiki moja tu, na sasa hata huyu wa miaka 8 anaipita kama haioni. Nimeiangalia picha uliyonitumia. Ina kazi 9, stika za dukani, na juu kabisa umeandika "Kuwa na adabu". Hiyo ni chati yako, si yao. Ibandue, mkae chini mtengeneze nyingine pamoja.

Chukua karatasi ya manila, rula, penseli, kalamu za nta na kizibo cha soda. Kila mtoto mkatie kipande chake, upana sentimita 58, kimo sentimita 23. Wakitumia chati moja, wa miaka 4 ataonekana mvivu kila siku mbele ya mkubwa wake. Kushoto acheni sentimita 16 za kuandika kazi. Zinazobaki ni siku 7, kila moja sentimita 6. Juu mstari wa sentimita 5 wa majina ya siku, chini yake mistari 3 ya sentimita 6. Mkubwa apige mistari mwenyewe, na ikipinda usiinyooshe. Kisha katika kila kisanduku waweke kizibo na kukizungushia penseli. Yatapatikana maduara 21 matupu. Kazi ikiisha, mwenyewe analipaka rangi duara lake palepale, asingoje urudi jioni na stika zako. Mdogo hajui kusoma, basi achore ufagio, sahani, ndala.

Kazi 3 zinatosha, na kila moja iwe kitu cha kuonekana kwa macho. Adabu utaipimaje ikifika Magharibi? Mtabishana tu. Andikeni "Napeleka sahani yangu kwenye sinki nikimaliza kula." Na "kufagia uwanja" mwoneshe mkubwa mwisho wake uko wapi: majani yamezolewa, yametiwa kwenye pipa, ufagio umerudi nyuma ya mlango. Usipomwonesha, atasukumia taka ukutani na kudai rangi yake, na kwa akili yake atakuwa na haki.

Kwenye zawadi ndipo wengi tunapokosea. Mdogo hawezi kungoja Jumapili. Akipaka maduara 3, apate chake siku hiyohiyo, hata kama ni hadithi moja ya ziada kabla ya kulala. Mkubwa mwekee maduara 15 kati ya 21. Ukitaka yote 21, akikosa moja Jumanne wiki nzima imekufa, na hana sababu ya kushika ufagio Jumatano. Achague chakula cha Jumapili, au afuatane na baba yake sokoni kununua samaki. Pesa usimpe, kesho ukimtuma chumvi atakuuliza ni shilingi ngapi.

Duara lililopakwa rangi halifutwi. Akimpiga mdogo wake jioni, mwadhibu kwa hilo, lakini uwanja wa asubuhi amekwisha kuufagia.

Na anachokipenda tayari usikitie kwenye chati. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, waliandika habari za watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakichora, na wakapewa, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao wasioahidiwa chochote. Kwa hiyo kuku, ambao mdogo anawakimbilia mwenyewe kila asubuhi, waache nje ya chati.

Karatasi ya wiki ikijaa, choreni nyingine. Kazi ambayo mtoto ameifanya wiki 3 bila kukumbushwa, itoe na uweke mpya, ukimwambia wazi kwamba hiyo sasa ameiweza. Zikiisha za kubadilisha, chati nayo iondoke ukutani.

Ukienda dukani nunua manila 2. Ya kwanza wataichorea vizibo kila mahali kabla hujamaliza kuwaeleza.

Mama yako