Kwa mnaoanza kusoma Gita: msiikimbilie tafsiri ya shraddha

Ndugu zangu mnaoanza kusoma Gita, kitabu kitakatifu cha Kihindu, neno litakalowasumbua si karma wala yoga. Ni shraddha. Nami nililiandikia "imani" pembeni mwa daftari, nikasonga mbele, nikapotea miaka miwili. Kila nilipolikuta nilidhani naambiwa nikubali tu, niache kuuliza.

Wajuzi wa Kisanskriti, lugha ya Gita, hulichambua hivi: shrat, ambalo wengi hulihusisha na moyo, na dha, kuweka. Ni kuweka moyo mahali. Mzazi anayemwambia mtoto "masomo yako yaweke moyoni" ameikaribia maana hiyo kuliko nilivyoikaribia mimi na kamusi yangu. (Msilichanganye na shraaddha, lenye irabu ndefu: hiyo ni ibada ya kuwakumbuka wazee waliofariki, ingawa jina limetoka humohumo.)

Gita, sura ya 4, shloka (yaani ubeti) ya 39, inasema mwenye shraddha ndiye apataye maarifa. Usiisome peke yake. Rudi hadi ya 34: mwanafunzi anaagizwa amwendee mwalimu kwa unyenyekevu, amtumikie, amuulize. Kuuliza kumo ndani ya agizo. Anayeonywa katika ya 40 ni yule asiyejua, asiye na shraddha, aliyejaa shaka nafsi nzima. Mtu huyo hangoji jibu, kwa hiyo hata swali lake halimfikishi popote.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi. Wakati wa arati, ibada ya kuzungusha taa mbele ya sanamu ya Mungu, nilikaa nyuma, nikiona taa na kengele ni za wasiosoma. Siku moja niliombwa nimsaidie bibi mmoja kuandaa sadaka. Alikuwa akifuta majani ya tulasi, mrehani mtakatifu, kwa kitambaa kibichi, moja moja, pande zote mbili. Lililochanika aliliweka kando. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Nilikuwa nimekariri sura ya 9, shloka ya 26, ambamo Krishna, Mungu anayefundisha katika Gita, anasema hupokea jani, ua, tunda au maji yakitolewa kwa upendo, lakini sikuwahi kulishika jani namna ile. Tangu siku hiyo siwezi tena kutenga bhakti na jnana, ibada huku na maarifa kule. Mikono ya yule bibi ilikuwa inasoma.

Mkitaka kuiona shraddha ikifanya kazi, fungueni Chandogya Upanishad, andiko jingine la kale la Kihindu, sura ya 6. Shvetaketu amesoma miaka 12, amerudi na kiburi. Baba yake, Uddalaka, anamwambia alete tunda la nyagrodha, ule mti mkubwa unaoshusha mizizi kutoka matawini. Lipasue. Unaona nini? Mbegu ndogo sana. Pasua moja. Unaona nini? Hakuna kitu. Baba anamwambia kwamba katika kisichoonekana hicho ndimo mti wote umesimama, kisha anaongeza: weka shraddha, mwanangu.

Hamwachi hapo. Anamwambia atie chumvi majini, arudi asubuhi. Kulipokucha kijana anaitafuta chumvi, haioni. Onja upande huu. Chumvi. Onja katikati. Chumvi. Onja upande ule. Chumvi.

Kati ya "sioni kitu" na "chumvi" upo usiku mzima. Shvetaketu hakuwa na jibu, lakini asubuhi alirudi kwa baba yake. Someni kisa hicho kwa sauti, polepole, kabla hamjaandika tafsiri yoyote pembeni mwa daftari.